Hivi kwa nini Dolly anambembeleza Jolene badala ya kumchamba?

#1 Mchele wa Kyela
Wakuu, habari za jioni.
Nimerithi santuri za marehemu baba mdogo na kati yake kuna ya Dolly Parton, yule mwimbaji wa kantri wa Marekani, "Jolene", ya mwaka 1974. Nyimbo 10, dakika kama 25 tu na imekwisha. Nimeipiga wiki nzima nikiwa jikoni mpaka jirani kaniuliza kama nimeachwa.
Kinachonisumbua ni wimbo wa kwanza, uliobeba jina la albamu. Mke anamfuata mwanamke mwenzake na kumwomba asimchukulie mume. Anamsifia nywele, ngozi, macho, sauti. Mume ndiye anayemtaja huyo Jolene usingizini, na bado hasemwi hata kwa neno moja! Mtaani kwetu hapo watu wangeshavuliwa mitandio. Sasa huyu mama ni mwoga, ni mpole, ni mlokole, au kuna kitu sijakishika? Wazee wa kantri njooni mnisaidie.

#2 Pilau Bila Nyama
Nimeshavuta kiti. Nangoja Bi Mkora aamke.

#3 Fundi Redio
Salama mkuu. Umerithi mali, usiiweke juani.
Tuanze na yanayojulikana. Wimbo ulitangulia peke yake Oktoba 1973, albamu ikafuata Februari 1974, kampuni RCA. Ulishika namba moja kwenye chati ya kantri Marekani, lakini kwenye chati kuu uliishia namba 60. Waingereza waliuchelewesha hadi 1976, ukafika namba 7 kwao.
Kisa chenyewe Dolly kakisimulia mara nyingi na huwa anacheka. Alikuwa ameolewa na Carl Dean tangu 1966. Kulikuwa na dada mmoja wa benki, nywele nyekundu, akimchangamkia sana mumewe. Carl akawa haishi kwenda benki, na Dolly anasema alishangaa, maana hela za kwenda kuweka kila siku hawakuwa nazo. Jina lakini si la huyo dada. Ni la kabinti kadogo kaliyemfuata baada ya onyesho kuomba saini. Alikauliza jina, kakasema Jolene.

#4 Mchele wa Kyela
Kwa hiyo kuna mtoto wa watu huko Marekani jina lake limekuwa la mwizi wa waume dunia nzima? Maskini.

#5 Bi Mkora
Asalaam alaykum. Pilau, nimeamka, ukae vizuri.
Mchele mwanangu, umesikia kubembelezwa kwa sababu hujakaa sana ukumbini. Mimi nimekulia Tanga, nimeona mipasho ya kila aina. Miaka ya tisini kwenye taarabu, Khadija Kopa yuko kikundi cha TOT, Nasma Khamis yuko cha Muungano, wimbo wa huku unajibiwa kule, na watu wanatunza huku wakimtazama mtu fulani kwenye kiti fulani. Matusi ya wazi ndiyo yaliyokuwa mepesi kujibiwa. Kijembe kinachouma ni kile kinachokuja na sifa.
Tazama anavyofanya. Anamtaja mtu kwa jina, tena si mara moja, anarudia na kurudia. Anampamba mbele ya kadamnasi. Kisha anamwambia: wewe waweza kumpata yeyote, mimi ninaye huyu mmoja. Baada ya hapo Jolene afanye nini? Akimchukua, mji mzima unajua kamchukulia mwenzake baada ya kuombwa kwa heshima. Kuomba hadharani ni kushtaki. Huyo mama wa Tennessee angekuwa wetu angepewa kikundi.

#6 Pilau Bila Nyama
Nilijua. NILIJUA.

#7 Wa Njoro
Bi Mkora heshima zako, lakini hapo nakupinga kidogo. Kantri yenyewe iko na mipasho ya waziwazi, hawakuhitaji kujificha. Loretta Lynn mwaka wa 1968 aliimba "Fist City" akimwambia mwanamke aliyekuwa akimzungukia mumewe kwamba asipotoka hapo atachapwa. Namba moja ya kantri! Kwa hivyo Dolly alijua kabisa kwamba soko linakubali kuchambana, na miaka mitano baadaye akachagua kuomba. Mtu akichagua kitu tofauti na kile kinachouza, ujue anasema ukweli wa moyo wake.
Nimelelewa na hizi nyimbo. Huku kwetu Bonde la Ufa, baba akitoka shambani ni Sundowner ya KBC, hakuna mtu kuguza redio.

#8 Dada wa Kirumba
Nyote mnaongea kama mnahukumu mashindano ya kwaya. Ngoja niwaambie kwa upande wa aliyepitia.
Niliwahi kumfuata mwanamke. Alikuwa na duka la vipodozi karibu na stendi. Nilipanga maneno njia nzima, nilipofika nikamkuta anapanga losheni kwenye rafu, mrembo kuliko nilivyomwona kwenye simu, na maneno yote yakaniruka. Nikajikuta nasema tu, "Dada, naomba tuongee, mimi ndiye mama watoto wa fulani." Akakaa chini kwenye kreti ya soda. Alikuwa hajui kama jamaa ana mke. Alishtuka kuliko mimi.
Sikuomba kwa sababu ni mpole. Kodi ya nyumba ilikuwa inalipwa na yule mwanaume, watoto wawili shule, mimi biashara imekufa. Mume ukimgombeza anahama leo leo. Unaenda kwa mtu pekee ambaye huenda akakuelewa. Wimbo ule ninausikia hivyo. Mwanamke hana pa kushika, kashika hapo.

#9 Mchele wa Kyela
Pole sana dada. Ikawaje?

#10 Dada wa Kirumba
Aliachana naye. Na mimi nikaachana naye mwaka uliofuata. Sasa nina mashine zangu mbili za kushonea na kodi nalipa mwenyewe. Tuendelee na Dolly.

#11 Wakili wa Kibaraza
Dada wa Kirumba, heshima kwako.
Mimi naleta hoja nyingine na najua mtanipiga mawe. Mnaishikilia benki na mume, lakini tazameni albamu nzima na tarehe zake. Mwaka 1973, wakati nyimbo kubwa za albamu zinarekodiwa Nashville, ni jambo gani lilikuwa likimkosesha usingizi Dolly? Carl Dean? Hapana. Ni Porter Wagoner.
Kwa wasiomjua: Porter alikuwa na kipindi chake cha televisheni, kikubwa kabisa cha kantri, suti zenye vimetameta. Mwaka 1967 alimchukua Dolly kuziba nafasi ya mwimbaji Norma Jean. Mwanzoni watazamaji walimzomea Dolly wakidai Norma Jean wao. Dolly aliahidi kukaa miaka 5, akakaa 7. Alipotaka kuondoka ajitegemee, Porter hakutaka kusikia, wakawa wanagombana kila siku. Ndipo akaandika "I Will Always Love You", akaenda ofisini kwake asubuhi na kumwimbia. Porter akalia, akamwambia aende, mradi yeye asimamie kurekodi wimbo huo.
Sasa geuzeni santuri. Upande wa kwanza unafunguliwa na mwanamke anayeogopa kuporwa nafasi yake na mwenye uzuri zaidi. Upande wa pili unafunguliwa na mwanamke anayeondoka kwa hiari. Dolly mwenyewe aliingia kazini kwa kuchukua kiti cha mwanamke mwingine! Jolene ni Dolly. Anayeomba ni Norma Jean.

#12 Fundi Redio
Wakili, hiyo ya Norma Jean umeitoa wapi? Dolly hajawahi kusema.

#13 Wakili wa Kibaraza
Mtunzi si lazima aseme. Nimesoma mazingira.

#14 Pilau Bila Nyama
Huyu ndiye anayewafunga watu kwa kusoma mazingira.

#15 Gita Kavu
Naona mnakwenda mbali sana. Mimi napiga gita hotelini Arusha, huu wimbo naombwa karibu kila Ijumaa, basi niseme ninachokijua kwa vidole.
Kwenye rekodi uko kwenye C# maina. Ukitaka kuupiga bila kujitesa, weka kapo (kile kibanio cha shingo ya gita) fureti ya nne, kisha shika maumbo ya A maina, C, G, rudi A maina. Umemaliza, kiitikio chote ni hicho. Kidole gumba kinatembea kwenye nyuzi nene bila kupumzika, vidole viwili vinadokoa juu. Ni mwendo wa haraka! Mtu anayesikiliza maneno tu anadhani ni wimbo wa kulia, lakini gita lile linakimbia kama mtu anayefukuzwa. Ndiyo maana watu wanaucheza.
Na hili la kurudia jina: Dolly kaeleza kwamba baada ya kukutana na yule mtoto alikuwa akiliimbaimba lile jina njiani asije akalisahau. Kwa hiyo kiitikio kilipatikana kabla ya hadithi. Alikuwa na sauti mdomoni, akatafuta kisa cha kuijaza. Ukishakuwa unaliita jina la mtu mara nyingi hivyo kwa maina, utamchamba vipi? Wimbo wenyewe tayari umeshaanza kuomba.

#16 Bi Mkora
Gita Kavu umenena, lakini hujanishinda. Kisu kinaweza kupatikana kwa bahati, mkono wa kukishika si wa bahati.

#17 Wa Njoro
Gita Kavu, asante kwa hiyo ya kapo, nitajaribu leo usiku.
Niongeze pia kwamba Dolly ni mtoto wa milimani, Sevier County, mtoto wa nne kati ya 12. Kule kuna nyimbo za kale za masimulizi zilizokuja na Waskoti na Waayalandi, na nyingi ni za hiyo maina ya upweke. Wanawake wanalia, wanaomba, wengine wanauawa mtoni. Mama yake alikuwa akiwaimbia hizo nyumbani. Mimi naona hii "Jolene" ni hizo hizo zimevalishwa ngoma na besi.

#18 MC Tarumbeta
Wakuu mnaniruhusu niingilie? Hapo kwa Wakili namba 11 mmegusa kidonda changu.
Mimi ni MC. Sinza, Mbezi, Kinondoni, kote nimefanya. Kila mwaka lazima wanandoa watake waingie ukumbini na "I Will Always Love You", ile ya Whitney Houston. DJ anaachia ile sehemu ya sauti tupu, bibi harusi anasimama mlangoni, wapambe wanapiga hatua, wanasimama, wanapiga hatua. Ikifika ule mpigo mmoja wa ngoma, fataki za baridi zinawaka pande zote mbili na shangazi wanapiga vigelegele. Kila mtu analia.
Na mimi nimeshika maiki najua kabisa kwamba huo ni wimbo wa kuaga! Mtu anasema naondoka, nikibaki nitakuwa kikwazo kwako. Niliwahi kumnong'oneza bwana harusi mmoja kwenye kikao, kamati nzima ikanigeukia kama nimetukana. Tangu hapo nanyamaza na kupokea bahasha yangu.

#19 Dada wa Kirumba
😂😂😂 Ulipigwa kwenye harusi yangu.

#20 Pilau Bila Nyama
Kumbe ishara zilikuwepo.

#21 Simba wa Makole
Whitney aliandikiwa ule wimbo na Dolly kwa ajili ya ile filamu yake, "The Bodyguard". Wasanii wakubwa huwa wanaandikiana.

#22 Fundi Redio
Hapana mkuu. Uliandikwa 1973, ukatoka 1974 ndani ya hii santuri tunayoiongelea, ukawa namba moja ya kantri Juni mwaka huo. Mwaka 1982 Dolly akaurekodi upya kwa ajili ya filamu aliyoigiza, ukawa namba moja ya kantri tena. Wimbo uleule, mwimbaji yuleyule, mara mbili. Whitney kaja 1992, wiki 14 kileleni mwa chati kuu.
Na kuna kipande kizuri hapo katikati. Linda Ronstadt aliwahi kuurekodi miaka ya sabini bila ubeti wa mwisho, na watu wa Whitney walijifunzia kwenye toleo hilo. Dolly alipozungumza na prodyuza David Foster ndipo ikajulikana kuna ubeti umeachwa, akawapa. Ubeti wenyewe ndio ule wa kumtakia mwenzako maisha mema. Ungeachwa, wimbo ungebaki wa huzuni tupu.

#23 Simba wa Makole
Na Elvis je? Niliambiwa aliuimba.

#24 Wakili wa Kibaraza
Alitaka kuurekodi. Meneja wake, Kanali Tom Parker, akadai nusu ya haki za uchapishaji wa wimbo. Dolly alikuwa na umri wa miaka ishirini na kitu, anampenda Elvis kama kila mtu, akakataa. Anasema alilia usiku kucha. Whitney alipokuja kuuimba, haki zote bado zilikuwa mkononi mwa Dolly.
Wasanii wetu wanaosaini karatasi bila kusoma, hii habari ichapishwe ibandikwe studio zote. Nimeshaona mikataba miwili mitatu ya vijana hapa mjini, kijana kauza sauti yake na ya wajukuu zake kwa hela ya kununulia simu.
Ndiyo maana nasema hii ni albamu ya mtu anayejikomboa kazini. Mapenzi ni nguo tu. Wimbo wa pili, "When Someone Wants to Leave", unazungumzia uchungu wa kukaa na mtu ambaye unaona kabisa anataka kwenda. Hapo Dolly kajiweka kwenye kiti cha Porter.

#25 Mchele wa Kyela
Wakili, unanishawishi lakini sijakubali. Kama ni albamu ya kazi, mbona kuna nyimbo za raha? "River of Happiness", "Highlight of My Life", "Randy". Hizo ni za mtu aliyependa na kapendwa. Na "Early Morning Breeze" ni mtu yuko nje asubuhi na maua na Mungu wake, hakuna bosi wala mume.

#26 Fundi Redio
Mchele, hiyo "Early Morning Breeze" alishairekodi mwaka 1971 kwenye albamu nyingine. Nyimbo nyingine ni za kujazia, ndivyo Nashville walivyofanya kazi: albamu kadhaa kwa mwaka, wanaingia studio saa chache, kesho wengine. Msiitafutie kila wimbo falsafa.

#27 Gita Kavu
Fundi, hapo tunagombana. Ya kujazia inaweza kuwa imepangwa. Angalia mpangilio: kila upande unaanza na maumivu na kumalizika na mapenzi mazuri. Upande wa kwanza "Jolene" hadi "Highlight of My Life". Upande wa pili kuaga, upweke, halafu "It Must Be You". Msikilizaji wa santuri analazimika kunyanyuka kugeuza, ananyanyuka akiwa ametulizwa.

#28 Fundi Redio
Au kampuni ilitaka tu anunue na nyingine.

#29 Mrundi wa Knoxville
Jamani habari zenu. Nasoma tu siku zote, leo nimeshindwa kukaa kimya. Mimi ni Mrundi, nilikulia kambini Kigoma, sasa niko Knoxville, Tennessee. Kutoka hapa mpaka Sevierville, mjini kwao Dolly, ni mwendo wa chini ya saa moja kwa gari. Mbele ya mahakama ya kaunti kuna sanamu yake ya shaba: amekaa juu ya jiwe, peku, na gita. Watalii wanapanga foleni kupiga picha wakiwa wamemshika goti.
Dolly amesimulia kwamba baba yake, hayati, mkulima asiyejua kusoma, alikuwa anaenda usiku na ndoo ya maji ya sabuni na ufagio kuisugua ile sanamu, kwa sababu njiwa walikuwa wanamchafulia binti yake kichwa. Mimi baba yangu pia hakujua kusoma. Nilipopita pale nilisimama muda mrefu kuliko watoto wangu walivyotaka.
Kuhusu swali, wazee wa hapa kanisani niliwauliza. Mmoja wao, bibi wa Kizungu wa milimani, alinijibu kifupi: kwao mwanamke hakuwa na gari wala leseni, angeenda wapi?

#30 Dada wa Kirumba
Huyo bibi mpe salamu zangu. Tumeelewana.

#31 Bi Mkora
Na mimi mpe. Lakini muulize na hili: asiyekuwa na gari hana ulimi?

#32 Kizazi cha Spotifai
Shikamooni wakubwa. Mmesahau toleo la Beyoncé, albamu ya "Cowboy Carter", 2024. Yeye kabadilisha maneno, hamwombi Jolene, anampa onyo kali. Na kabla ya wimbo Dolly mwenyewe anaongea kidogo, maana yake kabariki. Hiyo albamu ilichukua Grammy ya albamu ya mwaka. Kwa hiyo Mchele, jibu la swali lako liko hapo. Mwanamke wa leo haombi.

#33 Bi Mkora
Marahaba mwanangu. Ukimtisha mtu umemwambia kuwa anakutisha. Mimi toleo hilo nimelisikia, zuri, anaimba vizuri mashallah. Ila nikiwa Jolene, la Beyoncé lingenipa ari. La Dolly lingeninyima usingizi.

#34 Kizazi cha Spotifai
Bibi umeniweza 😭

#35 Dada wa Kirumba
Mimi sikubaliani na nyote wawili. Beyoncé ana hela. Mwenye hela akionya, ni onyo. Mimi ningemwonya yule dada wa duka siku ile angeniita mgambo.

#36 Wa Njoro
Na kuna hii nyingine ya kuchekesha. Ukichukua ile santuri ndogo ya "Jolene", ya mizunguko 45, ukaipiga kwa 33, sauti ya Dolly inashuka inakuwa ya mwanaume, na inatoka nzuri ajabu. Ilienea sana mtandaoni miaka ile. Mjomba wangu alikuwa na gramafoni iliyoharibika swichi na mimi nilikua nikiamini ni mwanaume anamwomba mwanamke asimchukulie mume wake. Nilikuwa na maswali mengi sana.

#37 Pilau Bila Nyama
Bado unayo, naona.

#38 Gita Kavu
😂😂 Wa Njoro, hapo kwenu kantri iliingiaje hasa? Huku kwetu ni Jim Reeves kwenye redio na kwa wamisheni, basi. Ninyi mna baa nzima za kantri.

#39 Wa Njoro
Gita Kavu hiyo ni mada ya uzi mwingine lakini kwa kifupi: zamani sana. Mwaka 1950 Hugh Tracey alipita kwa Wakipsigis na mitambo yake ya kurekodi, akakuta mabinti wanamwimba "Chemirocha". Huyo ni Jimmie Rodgers, yule baba wa kantri aliyefariki 1933! Walikuwa wamemsikia kwenye santuri, wakamfanya kiumbe nusu mtu nusu swala, wakawa wanamwalika aje acheze. Halafu walowezi, redio, makanisa, na wacheza gita wa mugithi huku Kati ambao kwenye onyesho moja wanakuchanganyia Kikuyu na Kenny Rogers. Leo tuko na waimbaji wetu wa kantri, Sir Elvis, yaani Elvis Otieno, na Esther Konkara. Ukija Nairobi wikendi huwezi kukosa pahali pa kofia na buti.

#40 Simba wa Makole
Kenya mnapenda kantri kwa sababu ya mashamba ya Wazungu. Sisi tulikuwa na Ujamaa na dansi.

#41 Wa Njoro
Na Skeeter Davis mlikuwa mnamsikia wapi, kwenye mkutano wa kijiji?

#42 Simba wa Makole
Kwa mjomba. Tuyaache.

#43 Wakili wa Kibaraza
Narudi kwenye hoja kwa sababu mmenikimbia. Kuna wimbo wa tisa, "Lonely Comin' Down". Tazameni jina la mtunzi kwenye lebo.

#44 Mchele wa Kyela
Ngoja niitoe kwenye jaketi… Imeandikwa Porter Wagoner!

#45 Wakili wa Kibaraza
Naam. Wimbo wa upweke wa kuachwa, umeandikwa na bosi anayeachwa, unaimbwa na anayemwacha, ndani ya albamu moja na wimbo wa kumuaga. Mnataka ushahidi gani tena?

#46 Fundi Redio
Wakili, tulia kwenye kizimba. Huo wimbo ni wa nyuma. Mwaka 1972 Dolly alitoa albamu nzima ya tungo za Porter na huo ulikuwemo. Hakuuandika akiwa analia kwa kuachwa na Dolly.

#47 Wakili wa Kibaraza
Sawa, lakini kwa nini uchaguliwe tena 1974? Kati ya nyimbo zote?

#48 Fundi Redio
Labda mrabaha. Kila albamu ikiuzwa na mtunzi anapata chake. Bosi kasimama studio, wimbo wake mmoja umeingia. Wewe si ndiye uliyetufundisha kufuata hela?

#49 Pilau Bila Nyama
Mahakama inaahirishwa kwa chai.

#50 Bi Mkora
Ninyi wanaume mkishaanza na mrabaha. Niambieni, huyo Porter baada ya kulia na kumruhusu, aliachia kweli?

#51 Wakili wa Kibaraza
La. Mwaka 1979 alimshtaki, madai ya dola kama milioni 3, wakamalizana nje ya mahakama. Miaka mingi baadaye wakapatana. Mei 2007, Porter akiadhimisha miaka 50 ndani ya Grand Ole Opry, lile onyesho kongwe la kantri la Nashville, Dolly alikuja kumwimbia ule ule wimbo. Oktoba mwaka huo Porter akafariki.

#52 Bi Mkora
Alimshtaki mtu aliyemuaga kwa wimbo kama ule! Basi wa kuchambwa alikuwa yeye.

#53 Kizazi cha Spotifai
Na mumewe wa benki yuko wapi? Walidumu?

#54 Mrundi wa Knoxville
Walidumu karibu miaka 59. Carl Dean alifariki Machi 2025, hapa Tennessee. Alikuwa hapendi kamera hata kidogo, watu wengine walidhani hayupo. Walikutana 1964, nje ya dobi la kujihudumia Nashville, siku ya kwanza kabisa Dolly anafika mjini na nguo zake chafu.

#55 Dada wa Kirumba
Nitaanza kufulia nje.

#56 Mchele wa Kyela
Asanteni wote, nimepata zaidi ya nilichouliza, ingawa jibu lenyewe sijui nishike lipi. Leo nimekaa upande wa pili na "Living on Memories of You" ndiyo imeninasa, hakuna aliyeitaja hata mmoja. Halafu nina tatizo: sindano inaruka kwenye "Randy", kila ikifika katikati inarudi nyuma. Ni santuri au ni mashine?

#57 Fundi Redio
Jaribu santuri nyingine kwanza. Ikiruka nayo, ni sindano. Isiporuka, osha hiyo kwa maji yaliyochemshwa yakapoa na tone la sabuni ya vyombo, kitambaa laini, futa kufuata mifereji ya santuri, usikatishe. Lebo ya katikati usiilowanishe. Na usiweke sarafu juu ya mkono wa sindano hata akuambie nani.

#58 Simba wa Makole
Sarafu inasaidia bwana, sisi tuliweka miaka yote.

#59 Fundi Redio
Ndiyo maana santuri zenu zote za Jim Reeves zina makohozi.

#60 Gita Kavu
Mchele, ukimaliza kuiosha niazime nitafute besi ya "Randy", kwenye simu haisikiki. Niko tayari kuweka dhamana ya kitambulisho.

#61 Mchele wa Kyela
Kitambulisho na kapo.